Kabla hujasema "samahani" mbele ya hakimu: kupinga karatasi ya EPS ukiwa mwendesha boda

Boda wengi wa Uganda wakipewa karatasi ya EPS (Express Penalty Scheme, faini ya trafiki ya papo hapo) hufanya moja kati ya mawili. Kuna anayelipa siku hiyohiyo huku roho ikimuuma, na kuna anayeikunja na kuitia chini ya kiti cha pikipiki mpaka trafiki mwingine aje kuiibua pamoja na nyongeza yake. Njia ya tatu ni kukataa kosa na kutaka lithibitishwe mahakamani. Ipo kisheria, lakini haizungumzwi sana steji, na wanaoijaribu wengi hushindwa kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na yaliyotokea barabarani. Wanashindwa dakika ya kwanza, wanaposomewa shtaka. Tutafika huko, maana ndipo penye uzito.

Kwanza karatasi yenyewe. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inamruhusu askari kukuandikia adhabu ya papo hapo, lakini haimfanyi askari huyo kuwa hakimu. Alichokupa ni tuhuma iliyokwisha kupangiwa bei. Ukilipa, umeikubali na jambo limekwisha. Hakuna kulipa leo "ili waniachie pikipiki" halafu kesho ukaenda kudai hukukosa. Ukikataa, kazi ya kuthibitisha ni ya serikali. Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inasema mshtakiwa ni msafi mpaka athibitishwe na hatia au akiri mwenyewe, na haki hiyo ni ya kosa la kofia sawasawa na kosa la mauaji.

Si kila karatasi inafaa kupelekwa mahakamani, na hili tunalisema bila kumung'unya. Kama ulikuwa umepakia abiria wawili na unajua ulikuwa umewapakia, lipa. Hasira ya kuonewa, kwamba wenzako watatu walipita na mizigo mikubwa kuliko wako, si utetezi. Hakimu hakuulizi kama wengine walikamatwa. Nenda mahakamani pale tu ambapo kuna jambo moja mahususi unaloweza kulisimamia: taa haikuwa nyekundu, permiti (leseni ya udereva) ilikuwa hai, aliyepita kasi si wewe, pikipiki uliiuza mwaka jana. Kila kosa lina viungo vyake. Kwa kosa la mwendo, lazima ithibitishwe kwamba ni wewe uliyekuwa ukiendesha, kwamba ilikuwa barabara yenye kikomo fulani, kwamba kikomo hicho kilifahamishwa hapo au kinajulikana kisheria, na kwamba ulikizidi. Kiungo kimoja kikikosekana, kosa zima halisimami. Kazi yako ni kuchagua kiungo kimoja, viwili vikizidi, ukavishikilia hivyo. Anayepinga kila kitu huonekana hana la kupinga.

Pima gharama pia. Kesi ndogo huahirishwa mara tatu au nne: leo shahidi hayupo, kesho faili halijafika, mara ya tatu hakimu yuko kwenye semina. Kila safari ni nusu siku bila abiria. Halafu hakimu akikuona na hatia hafungwi na bei iliyo kwenye karatasi. Anaweza kwenda hadi kiwango cha juu cha kifungu chenyewe, na sheria huandika viwango hivyo kwa pointi za sarafu, ambapo pointi moja ni shilingi 20,000. Tafuta kifungu chako, zidisha, ndipo uamue. Katika kutafuta, jihadhari na namba: toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 lilibadilisha namba za sura na vifungu vingi, kwa hiyo kitabu cha zamani na hati ya mashtaka ya sasa huenda visilingane.

Sasa yale ya kando ya barabara. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye ushahidi, na haitarudi. Usibishane na afande. Msalimie, mpe permiti, msikilize, kisha soma karatasi neno kwa neno kabla hajaondoka: jina lako, namba ya pikipiki, kosa, mahali, saa, jina na namba ya askari. Mahali pakiandikwa tu jina la mtaa mrefu, muulize kwa adabu aandike karibu na nini. Yeye akishaendelea na kazi yake, piga picha. Kama ni taa, piga picha ya taa kutoka pale ulipokuwa, si kutoka upande wa pili. Kama ni alama ya mwendo, rudi nyuma njia uliyojia mpaka uipate, au mpaka uhakikishe haipo, ukirekodi video mfululizo bila kukata. Tawi la mwembe lililofunika kibao leo litakuwa limekatwa wiki ijayo. Chukua namba ya simu ya abiria wako palepale. Abiria aliyekwisha kwenda zake hapatikani tena.

Picha hizo ziache ndani ya simu iliyozipiga. Kuzituma kwa WhatsApp huzibana na kuzifuta taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani yake, kisha mwendesha mashtaka atauliza zilipigwa lini na hutakuwa na jibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inampa anayeleta rekodi ya kielektroniki mzigo wa kuthibitisha kwamba ni halisi. Inakubana wewe na simu yako, na inawabana wao na kamera yao.

Kama pikipiki imezuiliwa kituoni, kabla hujaiacha piga picha za betri, vioo, taa, tairi zote mbili na kipimo cha mafuta, na uombe iandikwe kwenye rejista ya vielelezo. Boxer inayoingia na betri na kutoka bila betri ni malalamiko ya kila siku, na bila picha hakuna wa kumlalamikia. Dhamana ya polisi hailipiwi. Na pesa ya karatasi hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, haiwekwi mkononi mwa mtu.

Ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi, nenda kituo kilichoitoa. Andika barua fupi: namba ya karatasi, tarehe, kwamba unalikataa kosa na unaomba faili lipelekwe mahakamani. Peleka nakala mbili, moja ibaki na muhuri wao. Barua hiyo ndiyo itakayokutofautisha na aliyekimbia deni. Ukipokea wito ukakaa nyumbani, hakimu hutoa hati ya kukukamata, na hapo kesi ya karatasi imegeuka kuwa ya selo.

Ukishafunguliwa shtaka, omba nakala za maelezo ya mashahidi na kielelezo chochote cha picha. Mahakama ya Katiba, katika shauri la Soon Yeon Kong Kim dhidi ya Mwanasheria Mkuu, namba 6 la mwaka 2007, ilisema mshtakiwa kwa kawaida anastahili kuonyeshwa ushahidi utakaotumika dhidi yake kabla ya kesi kusikilizwa. Kesi za trafiki mara nyingi faili ni karatasi mbili tu. Ziombe hizohizo.

Kuhusu mwendo, yafaa kukaa kidogo, kwa sababu boda husikia maneno mengi ya steji ambayo wakiyapeleka mahakamani yanawageukia. Askari akisema tu "nilimwona anakwenda kasi", hayo ni maoni ya jicho, na unayo nafasi nzuri ya kuyapinga. Akiwa na kifaa, uliza ni cha aina gani. Cha rada hutawanya mawimbi kama tochi. Kikiwa na upana wa nyuzi 12, umbali wa mita 100 mwale wake una upana wa mita 21, na kwa mita 300 umefika mita 63, barabara nzima pamoja na maduka. Kifaa hakichagui, mara nyingi husoma kile kinachorudisha mawimbi mengi zaidi. Pikipiki ni kitu chembamba. Lori la mchanga linalokuja nyuma yako linaweza kurudisha mawimbi mara nyingi kuliko wewe, na namba iliyotokea kwenye kioo ikawa ya lori. Kwa hiyo swali la maana ni hili: magari mengine yalikuwa wapi wakati ule? Cha leza ni hadithi nyingine. Mwale wake kwa mita 300 una upana wa karibu mita moja, hivyo hoja ya lori hudhoofika sana, ila mkono uliotikisika bado unaweza kuugusisha kwenye gari la pembeni. Kwa vifaa vyote viwili uliza kilipimwa lini mara ya mwisho, cheti kiko wapi, na askari alifundishwa na nani kukitumia.

Hoja ya kuiacha nyumbani ni ile ya pembe: "Afande alisimama upande, si mbele yangu, kwa hiyo kipimo kimekosea." Ni kweli kimekosea, lakini kwa faida yako. Kifaa kilichosimama pembeni husoma mwendo mdogo kuliko halisi. Kwa pembe ya nyuzi 20, pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husomeka kama 56. Ukiileta hoja hiyo mbele ya mtu anayejua, umemthibitishia kwamba ulikuwa unakwenda kasi zaidi ya ulichoandikiwa.

Karatasi zinazotokana na kamera zina tatizo lao. Mfumo wa EPS Auto ulioanza Juni 2025 uliweka shilingi 200,000 kwa aliyezidi kikomo kwa kilomita 30 kwa saa au chini ya hapo, na 600,000 kwa aliyepita hapo. Kelele zikawa kubwa na mwezi huohuo ukasimamishwa. Lakini kamera bado zipo barabarani, na jambo la kuelewa ni kwamba kamera inaijua namba ya pikipiki tu. Taarifa humwendea aliyeandikishwa kama mwenye chombo. Boda wengi huendesha pikipiki zenye majina ya watu wengine: bosi, shemeji, kampuni iliyokopesha, au mtu aliyeuza miaka mitatu nyuma na mnunuzi hakubadilisha kadi. Kama uliuza, hati ya mauziano yenye tarehe na sahihi za mashahidi ndiyo ngao yako, na nenda kafanye uhamisho wa umiliki leo, kabla ya karatasi ya pili. Kama ni wewe unayeendesha cha mwenzako, weka daftari la nani alikuwa nacho saa ngapi. Pikipiki moja inayoendeshwa na mtu wa mchana na mtu wa usiku bila daftari ni mgogoro unaosubiri siku yake.

Makosa mengine tuyapitie haraka. La permiti ni rahisi: leta permiti yenye daraja A iliyokuwa hai siku ile, kwa sababu hapa huwezi kunyamaza ukangoja serikali ithibitishe kwamba huna. Bima vivyo hivyo. La ubovu wa chombo, lile askari huandika kwa herufi tatu DMC, omba ripoti ya mkaguzi wa magari, yule anayejulikana kama IOV. Jicho la askari kwamba "breki ni mbovu" ni dhaifu kama breki hazikujaribiwa. Ukitoka kituoni na chombo hichohicho, kipeleke kikaguliwe kabla fundi hajakigusa. Ukibadilisha tairi kwanza, umeharibu ushahidi wako mwenyewe. La kofia ngumu halina mjadala mrefu. Kofia iliyoning'inia kwenye mkono wa usukani si kofia iliyovaliwa.

Tumefika kwenye kujibu shtaka, na hapa lugha inaua watu. Tangu marekebisho ya 2005 Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mahakama za mahakimu huendeshwa kwa Kiingereza. Kama hukielewi vizuri, Ibara ya 28 inakupa mkalimani bila malipo. Mwombe kabla shtaka halijasomwa. Usione haya kwa kuwa umesikia maneno mawili matatu. Arua, Koboko, Bombo, Busia au Malaba, mahakama huwa na karani anayejua Kiswahili, lakini Kiswahili chetu kina mitego mitatu ambayo mkalimani wa haraka huitafsiri vibaya.

Wa kwanza ni "samahani, mheshimiwa". Kwetu ni adabu ya kuanza kusema. Likitafsiriwa kama kuomba msamaha, limesikika kama kukiri. Wa pili ni "nimekubali", ambalo wengi hulitumia kwa maana ya "nimesikia, nimeelewa". Wa tatu ni "ndiyo" inapojibu swali la kukanusha. "Hukuwa na permiti?" Mmoja akijibu "ndiyo" anathibitisha kwamba hakuwa nayo, mwingine kwa "ndiyo" hiyohiyo anataka kusema alikuwa nayo. Katika Kiingereza cha mahakama kinachoandikwa ni kimoja tu, na huenda si chako. Dawa ya mitego yote mitatu ni sentensi kamili: "Sikubali kosa." "Nilikuwa na permiti." "Taa ilikuwa ya kijani." Basi. Hadithi ina wakati wake.

Vilevile kuna lile jibu la "ndiyo, lakini": "Nilipita, lakini askari mwenyewe alinipungia mkono nipite." Hilo si kukiri, ni utetezi. Tangu hukumu ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, iliyotolewa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki na inayofuatwa mpaka leo, utaratibu ni huu: shtaka na viungo vyake vyote lazima vielezwe kwa lugha unayoielewa, jibu lako liandikwe kwa maneno yako kadiri inavyowezekana, ukikiri maelezo ya tukio yasomwe, kisha upewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Ukipinga jambo la msingi, hakimu hubadilisha jibu kuwa la kukana. Kwa hiyo hata kama ulimi uliteleza mwanzoni, maelezo yakisomwa simama useme: "Mheshimiwa, hapo siyo. Sikupita taa nyekundu." Hii ndiyo nafasi ya mwisho. Mtu aliyekiri akahukumiwa hana rufaa ya kudai hakutenda. Anaweza tu kulalamikia uhalali wa kukiri kwenyewe au adhabu.

Ukikana, utapewa dhamana na tarehe. Uwe umekuja na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), nakala ya kitambulisho cha taifa, na wadhamini wawili wenye barua zao na vitambulisho vyao. Mwenyekiti wa steji anafaa sana, mradi aje mwenyewe, si kupigiwa simu mahakama ikiwa imeanza. Wakili kwa kesi ya karatasi mara nyingi hugharimu kuliko faini. Kabla ya kuamua, uliza Justice Centres Uganda au kliniki ya msaada wa sheria ya Law Development Centre kama ziko karibu nawe.

Siku ya kusikilizwa, serikali huanza. Askari akimaliza kueleza, zamu ya kumhoji ni yako, na boda tisa kati ya kumi husimama na kuanza kuhutubia. Hakimu atakukatiza: swali lako ni lipi? Andika maswali nyumbani, mafupi, kila moja lenye jambo moja. Ulisimama wapi? Umbali gani na taa? Kulikuwa na magari mangapi? Uliiona namba yangu kabla ya kunisimamisha au baada? Kisha, lazima, mwekee utetezi wako kama swali: "Nakuambia taa ilikuwa ya kijani nilipovuka, unakubali?" Atakataa. Haidhuru. Usipomuuliza hilo leo, ukilisema kesho litaonekana umelitunga baadaye. Shahidi wako naye akae nje ya chumba mpaka aitwe. Aliyesikia wengine wakitoa ushahidi, wake hushuka thamani.

Usitegemee makosa ya uandishi. Herufi moja ya namba ya pikipiki ikikosewa, hati inaweza kurekebishwa kesi ikiendelea, na wewe ukasomewa upya.

Mashahidi wa serikali wakiisha, hakimu huangalia kama kuna kesi ya kujibu. Kipimo cha zamani, kutoka shauri la Bhatt mwaka 1957, ni kama ushahidi uliopo ungetosha kutia hatiani endapo wewe hungesema lolote. Kama askari hakufika kabisa, au alifika bila kukutambua, liseme hapo. Ukionekana una kesi ya kujibu, una njia tatu: kuapa na kueleza, kueleza bila kiapo, au kunyamaza. Bila kiapo huhojiwi, lakini maneno yako hubeba uzito mdogo. Kama una jambo moja la kweli na picha zake, apa.

Ukishindwa, taarifa ya rufaa huandikwa ndani ya siku 14. Kutoka kwa hakimu wa daraja la kwanza inakwenda Mahakama Kuu, na kutoka daraja la pili kwa Hakimu Mkuu. Ukishinda, usiondoke na furaha tupu. Lipia nakala ya hukumu yenye muhuri, ipeleke kituo kilichotoa karatasi, na simama hapo mpaka uone namba ile imeondolewa kwenye mfumo. Kisha nakala nyingine itie kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na permiti na bima, chini ya kiti.